Panga la Popo

Ukurasa ulionikwamisha ulikuwa na aya moja tu kuhusu popo. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufasiri muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa umeme wa upepo, usomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla watu hawajaulizwa kama wanaridhia. Sehemu ya fidia ilikwenda. Vumbi, malori, kelele za ujenzi na ajira za vijana, vyote vilikwenda, kwa kuwa maneno yake yamekwisha kuzoeleka vinywani. Nilipofika kwa popo kalamu ikasimama. Mistari kumi na mmoja, na ndani yake istilahi ambazo nikizibahatisha, mama aliyekaa kwenye mkeka pale mkutanoni atasikia kelele tupu, na popo watapita bila mtu kuuliza swali hata moja.

Naishi Kariakoo, ghorofani, na mahali hapa pamenifundisha jambo kuhusu istilahi ambalo sikulipata darasani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya hapa wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita Carrier Corps. Wanaume hao walibeba risasi, unga na majeruhi, na wengi hawakurudi makwao. Jina la kikosi lilipita midomoni mwao, likaacha konsonanti zisizopata irabu ya kuegemea, likasimama kwa silabi tano: Ka-ri-a-ko-o. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga. Jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, moto wa Julai 2021 ukaliunguza, na jina halikupata hata kovu. Neno lililopita kwa wabeba mzigo hukaa. Basi nikafunga kamusi, nikashuka ngazi.

Nyuma ya Mtaa wa Msimbazi yuko kijana anayetengeneza feni. Nilimkuta ameweka moja mapajani, anafungua nati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho ulichokishika unakiitaje?"

"Panga la feni."

"Na feni nzima?"

"Hii ya darini? Pangaboi."

"Boi gani huyo?"

Akacheka. "Tumeikuta hivyo hivyo, mzee."

Alikuwa amelikuta, na mimi nililikuta, lakini ndani ya neno hilo kuna mtu. Panka ni neno lililotoka Bara Hindi: kitambaa kipana au jamvi lililoning'inizwa darini, likivutwa kwa kamba ili bwana apate ubaridi. Mvuta kamba alikaa pembeni, au nje kabisa ya chumba, akivuta mchana kutwa, na huyo ndiye boi. Umeme ulipokuja ukamwondoa mtu, jina lake likabaki darini linazunguka. Kuhusu k ya panka kugeuka g, nina imani yangu: macho yaliona panga. Bapa refu la chuma, jembamba ubavuni, linakata hewa. Mswahili akiona kitu cha namna hiyo haendi mbali kutafuta jina.

Kwa hiyo sehemu ile ya mtambo wa upepo nitaiita panga, na nimeyapima maneno mengine kabla ya kuamua. Rafadha ni neno zuri la meli na ndege, lakini rafadha husukuma chombo. Huku kwenye mtambo, upepo ndio unaosukuma, nayo inasukumwa. Bawa nalo limeanza kuonekana kwenye maandishi. Hilo nalikataa kwa moyo wote. Bawa ni la kiumbe kinachojiinua chenyewe. Popo ndiye mwenye bawa, tena bawa la ajabu kuliko yote, ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu vya mkono. Kumnyang'anya neno lake na kukivika kitu kinachompiga ni kumwonea mara mbili.

Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu, mitambo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana: minara 365, megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Kila mnara una mapanga matatu, na kila panga lina urefu wa kama mita 25.

"Mbona yanakwenda polepole?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri, kwa sababu ndilo kosa la macho ya kila anayetazama kutoka mbali. Nikamwomba atazame feni yake ikizunguka taratibu, aangalie karibu na shina kisha aangalie ncha. Panga la mita 25 likimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde mbili na nusu hivi, ncha yake inapita hewani kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Aliye chini anaona utulivu. Aliye juu hana muda wa kuona chochote.

Na hapo ndipo lilipo fumbo la popo, maana huyu ni bingwa wa gizani. Wale wanaokula wadudu hutoa sauti kali isiyosikika na sikio letu, kisha husikiliza inavyorudi. Hicho kinachorudi Kiswahili tunacho tangu zamani: mwangwi. Mwaka 1944 mwanasayansi Donald Griffin alibuni neno la Kiingereza kwa kipaji hicho, nasi tunaweza kusema bila kuhangaika kwamba popo huona kwa mwangwi. Lakini mwangwi wa popo haufiki mbali. Kwa kitu kidogo ni mita chache, kwa kikubwa ni makumi machache ya mita. Panga linalotoka ubavuni kwa kasi ile hufika muda mfupi mno baada ya mwangwi wake. Popo wa matunda, nao, kwa sehemu kubwa hutegemea macho na pua. Usemi kwamba popo ni kipofu tumeuokota kwa Wazungu, na hata kwao si kweli.

Istilahi iliyonila siku mbili nzima ilikuwa ya namna ya kufa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, wakiongozwa na Erin Baerwald, walichapisha matokeo ya kuwapasua popo waliookotwa chini ya mitambo ya Alberta, Kanada. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa wamevuja damu ndani ya kifua, na takriban nusu tu walikuwa na dalili ya kugongwa. Maelezo yao yalikuwa kwamba nyuma ya panga linalopita hewa hupungua nguvu ghafla, mapafu ya popo yanatanuka kupita kiasi, mishipa midogo inapasuka. Mapafu ya ndege ni magumu zaidi, huvumilia. Ya popo ni laini, kama yetu. Wengine waliopiga hesabu baadaye walisema upungufu huo wa nguvu ya hewa hautoshi kuua wengi kiasi hicho, na kwamba mauaji mengi ni ya kugongwa. Mimi ni mtu wa maneno, siwezi kuwaamulia. Lakini lazima niyaandike yote mawili kwa namna ambayo mtu atayaona.

Fizikia ya Kiswahili ina neno ninalolipenda mno: kanieneo. Kani, juu ya eneo. Aliyelitunga alichukua fasili nzima ya kisayansi akaifunga kwenye kanga moja, ukilifungua unaona fomula. Hospitali hupendelea shinikizo. Kariakoo nzima husema presha, iwe ya damu, ya tairi, au ya mwenye nyumba anayedai kodi. Nikaweka kanieneo kwenye orodha ya istilahi mwishoni mwa hati, kwa heshima yake, na kwenye aya ya mkutano nikaingia jikoni: mapafu huumuka ghafla kama donge lililozidi hamira, yakapasuka. Hakuna mama asiyelijua donge hilo.

Nilipokuwa nikiandika panga, panga, panga, likanijia panga jingine. Huko Kilifi, kwenye mwambao wa Kenya, kuna mapango yanayoitwa Panga ya Saidi. Ulimwengu uliyasikia mwaka 2021, ilipotangazwa kwamba ndani yake ulipatikana mwili wa mtoto wa kama miaka mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi kongwe kuliko yote yanayojulikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto, na wakafanya vyema kuliacha kwa Kiswahili. Panga hapo si chuma. Ni pango, kwa matamshi ya pwani. Tazama hata upatanisho: panga ya Saidi, si panga la Saidi. Na katika mapango ya mwambao huo, kama ilivyo kwa mapango ya Amboni kule Tanga, popo wananing'inia mchana kutwa.

Kwa hiyo katika lugha yetu panga ni nyumba ya popo na panga ni kinachomuua. Sikulipanga mimi hilo. Nililiandika kwenye karatasi, panga la popo, nikakaa nalitazama, na sauti za Msimbazi zikanipotea kwa dakika kadhaa.

Istilahi nyingine zilihitaji uamuzi wa haraka tu. Shamba la upepo, kama wanavyoandika baadhi ya magazeti, nimelikwepa. Mwanakijiji akisikia shamba atauliza ni la nani lililochukuliwa, na atakuwa na haki ya kuuliza, lakini hilo ni la ukurasa wa fidia. Kinu cha upepo kinaeleweka, ila kinu ni cha kutwanga na kusaga, na hapa hakisagwi kitu. Kufua umeme ndiyo johari. Tunafua nguo, tunafua nazi, mhunzi anafua chuma, na waandishi wetu wakaongeza umeme humo humo, kwamba ni kitu kinachotolewa kwa jasho kutoka kwenye kitu kingine. Mtambo wa kufua umeme wa upepo. Ni refu, na halimdanganyi mtu.

Popo mwenyewe ana shida ya istilahi iliyomtangulia. Hati niliyopewa ilimweka chini ya kichwa cha habari cha ndege. Hadithi zetu nazo zimemchafua: katika vita vya ndege na wanyama, anaonekana leo huku, kesho kule, na mpaka sasa mwanasiasa anayehama chama huitwa popo. Mnamo 1995 Pemba na Unguja zilitikiswa na hofu ya Popobawa, na jina likaunganisha kiumbe huyu na jinamizi. Lakini sarufi inamjua vizuri. Niliwahi kumsikia mwalimu akiwatolea watoto kitendawili cha popoo mbili zavuka mto, jibu macho, na mtoto mmoja akabisha kwamba popo hawawezi kuwa mbili, ni wawili. Alikuwa sahihi kabisa. Popoo ya kitendawili ni ile ya kutafuna kwa tambuu, tunda la mpopoo, la mviringo kama mboni. Popo wa mabawa angekuwa wawili, wavuka mto, kwa a-wa ya viumbe hai. Kiswahili kimemweka upande wa wenye roho, na yule mtoto alilijua hilo bila kufundishwa.

Popo si ndege. Ni mnyama anayenyonyesha, mmoja katika ukoo wenye spishi zaidi ya 1,400 duniani, na jambo moja kuhusu uzazi wake lingepaswa kuandikwa kwa wino mzito: popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya hujaza ghala tena kwa miezi michache. Popo wakipoteza mia kwenye mlima mmoja, hesabu ya kuwarudisha ni ya miaka. Huko Amerika Kaskazini, watafiti walioandika mwaka 2017 walionya kwamba aina moja ya popo wahamaji, aitwaye Lasiurus cinereus, anaweza kupungua kwa asilimia 90 katika miaka hamsini iwapo vifo vya mitamboni havitapunguzwa.

Mtu anaweza kuuliza popo wana uhusiano gani na Kariakoo. Ateremke nami. Yule mama anayeuza mabuyu mekundu ya kumung'unya: ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama sahani ya kikombe, linanuka nguvu, na kesho yake limekwisha. Katika Afrika Mashariki wanaolichavua ni popo wa matunda. Huku mbele, mito na magodoro ya sufi. Msufi nao huchanua usiku na kumngoja mgeni huyo huyo. Milango ya mvule iliyochongwa, ile ya kuegemezwa ukutani na kubishaniwa bei, ilitoka kwenye miti ambayo matunda yake popo hula, na mbegu zake huzibeba na kuzidondosha mbali na mti mama. Na mitaa yenyewe. Uko Mtaa wa Pemba na uko Mtaa wa Mafia, hatua chache kati yao, na visiwa hivyo ndivyo vyenye popo wakubwa wa jenasi ya Pteropus, ndugu wa popo wa India na visiwa vya Bahari ya Hindi, ambao bara la Afrika halina hata mmoja. Popo wa Pemba hapatikani kwingine popote duniani. Mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache wa kutia hofu kwa kuwindwa kitoweo na kukatiwa misitu. Wanakijiji, wa Kidike wakiwa mstari wa mbele, wakaamua kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Nayasema haya kwa furaha, maana ni ushahidi kwamba watu wakiwa na neno la kusema juu ya mnyama, hata neno dogo kama "huyu wetu", mambo hugeuka.

Upepo wa Tanzania bado ni mchanga kwenye nyaya. Mufindi kuna mitambo mitatu, megawati 2.4 kwa jumla, iliyosimamishwa mwaka 2020. Singida na Makambako zimetajwa kwa miaka mingi. Tunao muda, ambao Wajerumani na Wamarekani hawakuutumia, wa kupata maneno kabla ya mizoga. Na sisemi tuukatae upepo. Nimekaa gizani vya kutosha, umeme ukikatika katikati ya sentensi. Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba yanazungumzika: huko Kipeto, Kajiado, penye mitambo 60, wapo watu wa kutazama angani, na tumbusi wakikaribia mtambo husimamishwa. Lakini tumbusi huruka mchana. Nani atamtazamia popo?

Hapo ndipo ilipokuja istilahi ngumu kuliko zote, ile ya dawa. Popo hufa zaidi usiku wenye upepo hafifu, kwa kuwa upepo mkali huwazuia wao na wadudu wao kuruka. Huko Casselman, Pennsylvania, mwaka 2008 na 2009 Edward Arnett na wenzake walichelewesha mitambo kuanza kuzunguka usiku mpaka upepo uongezeke kidogo. Vifo vikapungua kwa asilimia kati ya 44 na 93, na umeme uliopotea haukuzidi asilimia moja ya umeme wa mwaka. Sikumbuki tiba nyingine ya mazingira iliyo rahisi namna hii. Kiingereza kina maneno mawili matatu ya kiofisi kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa na ukurasa mweupe.

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa hukaa mzee wa Mafia aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nilimpelekea karatasi jioni, tukanunua kashata, nikamsomea nilichokuwa nimejaribu: usiku wa shwari, mapanga yatuliwe.

"Yatuliwe kama tanga?" akauliza.

"Kama tanga, babu. Nahodha akitaka kusimama anatua tanga."

"Tanga linatuliwa kwa sababu linashuka. Panga lenu linashuka?"

Nikamweleza kwamba halishuki. Linazungushwa pale lilipofungwa, likageuza ubavu, upepo ukapita ukiteleza bila kulisukuma.

"Basi linalazwa," akasema, akaweka kiganja chake wima mbele ya uso, kisha akakilaza taratibu. "Unalaza panga."

Nikaandika. Ndilo, na halihitaji maelezo.

"Na hiyo shwari iondoe," akaendelea. "Shwari ni bahari kioo. Upepo hakuna. Panga lenu lingekuwa limekufa lenyewe, mtalilaza la nini? Upepo unaousema wewe, wa kuzungusha lakini si wa nguvu, sisi tunauita mwanana."

Upepo mwanana. Nimeliandika neno hilo mara nyingi maishani, daima kwa sifa. Ni upepo wa barazani, wa mkeka chini ya mkungu, wa kumlaza mtoto. Sikuwahi kufikiria kwamba ndio upepo wa kuogopewa. Mzee akaongeza kwamba wakati wa tangambili, kusi ikiondoka na kaskazi haijashika, mwanana huwa mwingi, hasa usiku, na kama mtu angemuuliza yeye angewaambia waanzie kuchunga miezi hiyo. Nikaliandika na hilo pembeni.

Nikafuta, nikasoma upya: usiku wenye upepo mwanana, mapanga yalazwe, ili popo wapite.

Akanywa funda la mwisho, akakiweka kikombe kwenye beseni la muuza kahawa.

"Yalazwe na nani?"

Nikarudi kwenye ile hati ya Kiingereza, nikaisoma mistari yote kumi na mmoja kwa mwanga wa simu. Kila kitenzi kilikuwa cha kutendwa. Mtendaji hakutajwa popote. Nikaliandika swali lake chini ya aya yangu, kwa herufi kubwa, na alama yake ya kuuliza.